Mkono wa Bibi umelala, macho bado yanasuka

Tangu apate kiharusi, Bibi amebakiwa na neno moja tu. Neno lenyewe ni "bado".

Ukimwamkia asubuhi, "Shikamoo Bibi", badala ya marahaba atakujibu "bado". Ukimuuliza kama ameshakunywa uji, na kikombe kitupu kiko mbele yake, atasema "bado". Mjukuu wake wa kiume mwenye miaka 12, ambaye zamani alikuwa akiitwa "mume wangu" kila akipita uani, siku za mwanzo alicheka. Baadaye akaacha kucheka, akawa anazunguka upande wa pili wa nyumba ili asipite mbele ya kiti chake.

Nyumba yao ipo Chumbageni, jijini Tanga. Ni nyumba ya zamani, ina ua nyuma na mkungu mmoja mkubwa katikati ya ua. Chini ya mkungu huo Bibi amekaa miaka mingi akisuka ukili. Wanaomjua wanamkumbuka hivyo: khanga begani, beseni la maji miguuni, chane za ukindu zimelowekwa ili zilainike, na vidole vinakwenda huku yeye anaongea na watu wala haangalii anachofanya. Ukili ukishakuwa mrefu aliuviringa kama gurudumu na kuuweka kando, hadi zikitimia kili za kutosha kushona mkeka.

Ilikuwa alfajiri alipoanguka. Alikuwa anatia udhu, birika likamponyoka mkono wa kulia. Mkwewe aliposikia kishindo akatoka, akamkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande mmoja, anajaribu kusema kitu na hakitoki. Walimkimbiza hospitali kwa bajaji. Aliponea, lakini upande wote wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka.

Presha alikuwa nayo miaka mingi, na vidonge alikuwa navyo kabatini. Alivimeza siku kichwa kikimgonga, siku akijisikia mzima akaviacha. Wanaofanya hivyo mitaani kwetu hawahesabiki, na presha haina tabia ya kubisha hodi kabla ya kuingia. Utafiti mkubwa uliofanyika Dar es Salaam na wilayani Hai kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba Hai walipata kiharusi kwa mara ya kwanza watu wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam wapatao 316, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Hizo ni hesabu za nyumba kama hii ya Chumbageni, moja baada ya nyingine.

Miezi minne ilipita. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amewaonyesha nyumbani namna ya kuunyoosha mkono na mguu, na mguu ulianza kukubali. Mkono ulibaki umelala mapajani, umefunikwa khanga. Lakini kilichowasumbua zaidi wanafamilia hakikuwa mkono. Hawakujua kama ndani ya yule mtu anayesema "bado" kutwa nzima, Bibi mwenyewe bado yumo.

Baba mdogo, anayeishi Dar es Salaam, alikuja mwishoni mwa wiki moja ili familia izungumze. Wakakaa uani, Bibi akiwa palepale kwenye kiti chake cha plastiki. Baba mdogo si mtu mbaya. Gharama za hospitali sehemu kubwa alilipa yeye. Alisema kinachosemwa katika nyumba nyingi: mama ndiyo hivyo tena, akili imeshaondoka, tusijidanganye. Kuna shangazi Muheza yuko peke yake na ana nafasi, mama apelekwe huko atulie. Chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara, kipangishwe, fedha zitumike kumtunza. Yote hayo yalisemwa mbele yake, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaozungumzia kabati. Bibi alikuwa anautazama mkungu. Mara mbili alisema "bado". Hakuna aliyelichukulia kama jibu.

Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka 20, alikuwa nyumbani akisubiri kwenda chuo. Hakuchangia neno, maana mbele ya wakubwa hakuwa na pa kuingilia. Lakini alikuwa na jambo lake lililokuwa likimkera. Jirani mmoja aliagiza mkeka kwa ajili ya harusi ya bintiye, na Bibi alishapokea nusu ya fedha kabla hajaanguka. Ukili ulikuwa umebaki pembeni ya kabati, umeviringwa, chane zimening'inia mwishoni kama nywele ambazo hazijamaliziwa kusukwa. Kurudisha fedha ilikuwa haiwezekani, zilishaingia kwenye dawa. Siku mbili baada ya Baba mdogo kuondoka, binti akanunua ukindu soko la Mgandini, akauloweka, akakaa chini ya mkungu karibu na Bibi, akaanza.

Hakuwahi kufundishwa. Bibi hakuwa mtu wa kufundisha. Mtoto akimuuliza "Bibi, unafanyaje hapo?", jibu lilikuwa "Kaa hapo utazame." Basi. Binti alikaa akatazama tangu yuko darasa la pili. Alisuka vipande vifupi vya kuchezea ambavyo Bibi alivifumua bila huruma, na alipoingia sekondari akaacha. Sasa alipozishika chane, vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwa shubiri tatu hivi, akashangaa. Halafu akasikia kitu kinagonga. Ko, ko, ko.

Bibi alikuwa anagonga mkono wa kiti kwa vidole vya kushoto. "Bado," akasema.

Binti akadhani anataka maji. Akamletea, akayakataa. Akarudi kusuka, kiti kikagongwa tena, kwa nguvu zaidi. "Bado. Bado!" Ndipo akauangalia ukili aliokuwa ameushika. Hatua kadhaa nyuma, chane moja iliyotakiwa kupita chini ilikuwa imepita juu. Kosa dogo ambalo mnunuzi asingeliona, lakini ukilishona ndani ya mkeka, mstari mzima unapinda. Akafumua mpaka hapo. Bibi akanyamaza. Akasuka sawasawa, Bibi akaendelea kunyamaza.

Jioni ile binti alifanya jambo ambalo mtafiti yeyote angelifanya. Alikosea kwa makusudi. Kiti kikagongwa kabla hajaongeza chane ya pili.

Sasa hapa pana swali ambalo wanasayansi wa ubongo wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 30. Tunapomtazama mtu akifanya kitu kwa mikono yake, ubongo unakielewaje? Macho yanaleta picha tu, vidole vinavyokwenda na majani yanayopishana. Nani anayeigeuza picha hiyo kuwa "anasuka", na zaidi ya hapo kuwa "anasuka vibaya"?

Jibu lililotikisa dunia lilitoka mji wa Parma, Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Giacomo Rizzolatti na wenzake walikuwa wakichunguza ubongo wa kima, katika sehemu ya mbele inayopanga kazi za mkono. Walikuwa wametia nyaya nyembamba sana zinazosikiliza seli mojamoja. Kima akiokota chakula, seli fulani inalia. Hilo walilitarajia. Wasilolitarajia ni kwamba baadhi ya seli hizohizo zililia pia pale mtafiti alipookota chakula, na kima ametulia tuli, mkono hajauinua. Seli ya kutenda ikawa pia seli ya kutazama. Waliandika habari hiyo mwaka 1992, na baadaye seli hizo zikapewa jina la niuroni za kioo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani wakaripoti seli za tabia hiyo kwa binadamu, wagonjwa wa kifafa waliokuwa tayari wametiwa nyaya kichwani kwa ajili ya matibabu yao.

Maelezo yaliyofuata yalikuwa matamu. Unamwelewa mtu kwa sababu ubongo wako unaifanya kazi yake kimyakimya, ndani yako, bila mkono kuinuka. Watu wakalipokea kwa shangwe hata wakapitiliza. V. S. Ramachandran, mtaalamu maarufu wa California, alitabiri mwaka 2000 kwamba niuroni hizi zitaifanyia saikolojia kile ambacho DNA iliifanyia biolojia. Zikaanza kutumika kueleza huruma, lugha, usonji, hata raha ya kutazama mpira. Kitu kinachoeleza kila jambo ni cha kukitilia shaka kidogo.

Na kiti cha Bibi kilikuwa kinaleta shaka hiyohiyo. Kama kuelewa kusuka ni kusuka kimyakimya kwa sehemu za ubongo zinazoendesha mkono, mwanamke ambaye kiharusi kimemharibia sehemu ya mbele kushoto ya ubongo, ile inayoongoza mkono wa kulia na kutoa maneno, angetakiwa asielewe tena. Yeye alikuwa anaona kosa kabla ya mwenye macho mazima na mikono mizima.

Gregory Hickok, mtaalamu wa lugha na ubongo katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, alilisema jambo hilo kwa ukali mwaka 2009, kisha akaliandikia kitabu kizima mwaka 2014. Hoja yake kubwa ni kwamba wapo wagonjwa walioharibikiwa sehemu za kutenda na bado wanaelewa vizuri matendo ya wengine. Mwaka 2016 ikaja hoja nyingine kutoka kwa Gilles Vannuscorps na Alfonso Caramazza: watu waliozaliwa bila mikono, ambao hawajawahi kushika kitu kwa vidole maishani, waliyatambua matendo ya mikono ya watu wengine vizuri kama watu wenye mikono.

Kwa hiyo kioo peke yake hakitoshi. Wengi wa wanaochunguza suala hili sasa wanauona ubongo kama nyumba yenye vyumba vingi vinavyopelekeana habari. Zipo sehemu za nyuma na za pembeni zinazosoma umbo na mwendo wa mwili, zipo zinazohifadhi maana ya vitu na kazi, na zipo hizi za mbele zinazopanga vidole. Sehemu za kutenda zinaongeza ukali wa jicho, hasa kwa kazi ambayo mtu ameifanya kwa miaka. Lakini ukizizima hizo, si kwamba mtu anabaki gizani.

Ukali huo wa jicho umepimwa, na kwa namna inayoingia akilini hata kwa asiyependa habari za maabara. Huko London, Beatriz Calvo-Merino na wenzake waliwaonyesha wacheza baleti na wacheza kapoera video za michezo yote miwili huku wakipiga picha ubongo wao. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba sehemu za kutenda ziliamka zaidi mtu alipotazama mchezo anaoucheza mwenyewe. Mtu anaweza kusema labda ni mazoea ya kuona tu. Mwaka uliofuata wakaligusa swali hilo kwa ujanja. Katika baleti kuna miondoko ya wanaume na miondoko ya wanawake, lakini wote wanafanya mazoezi ukumbi mmoja na kuonana kila siku. Ubongo wa kila mmoja uliamka zaidi kwa miondoko ambayo mwili wake umeifanya, ingawa ile mingine ameiona vilevile.

Hata kwa watoto wachanga jambo hilo limeonekana. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwavisha watoto wa miezi mitatu glavu zenye kitambaa cha kunasia. Umri huo mtoto hawezi kushika kitu sawasawa, lakini kwa glavu zile akigusa mdoli unanasa, akawa kama ameushika. Baada ya dakika chache za mchezo huo, watoto wakimwona mtu mzima akinyoosha mkono walionyesha kwamba wanajali anafuata kitu gani. Waliotazama tu kwanza, bila kucheza na glavu, hawakuonyesha hivyo.

Turudi uani Chumbageni, maana yule mjukuu wa kiume alikuwa amesikia habari za kiti kinachogonga. Alikuja akiwa na mashaka, mikono mfukoni. Naye ameuona ukili tangu kuzaliwa, tena amekaa palepale chini ya mkungu, ila hakuna aliyewahi kumwachia chane mkononi. Kusuka ni kazi ya wanawake, watu walisema, naye akaenda zake mpirani. Dada yake alipokosea kwa makusudi mbele yake, alikodoa macho hakuona kosa lolote. "Sasa kosa liko wapi?" Bibi alikuwa ameshagonga zamani.

Nchi hii ina ushuhuda wake juu ya jambo hilo, nao unatoka mwituni. Mwaka 1960 huko Gombe, Kigoma, Jane Goodall aliona sokwe wakichomeka vijiti na nyasi katika vichuguu na kuvuta mchwa wa kula. Miaka mingi baadaye Elizabeth Lonsdorf na wenzake waliwafuatilia palepale Gombe watoto wa sokwe wanaojifunza kazi hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Watoto wa kike walikaa na kumtazama mama kwa muda mrefu zaidi, na wakaanza kuvua mchwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kaka zao, ambao muda mwingi walikuwa wanacheza jirani. Mabinti hata namna yao ya kutumbukiza kijiti ilifanana na ya mama. Na mama sokwe hamshiki mtoto mkono kumfundisha. Anafanya kazi yake, mtoto anatazama, kisha mtoto anajaribu. Bibi angewaelewa sana.

Mvulana yule alikaa. Akaomba chane. Bibi alimgongea kiti mara nyingi jioni hiyo hadi vidole vikachoka, na alipokosea pale pale kwa mara ya nne akanyoosha mkono wa kushoto akamfinya sikio. Ndivyo alivyokuwa akimfanya zamani, pamoja na lile neno "mume wangu" ambalo sasa halikutoka. Mvulana aliingia ndani akamwambia mama yake, "Bibi yumo."

Baba mdogo aliporudi baada ya wiki tatu, mambo yote yalikuwa yamebadilika isipokuwa yeye. Alimwamkia mama yake, akajibiwa "bado", akaangalia pembeni. Walipomweleza habari za ukili hakuamini, na haki alikuwa nayo. Labda mama anagonga tu mara kwa mara, alisema, na nyie mnakumbuka zile zilizoangukia kwenye kosa. Wagonjwa wa aina hii ndugu huwaona wanavyotaka kuwaona.

Basi akatunga mtihani wake mwenyewe. Akasimama nyuma ya kiti cha Bibi, mahali ambapo Bibi hawezi kumwona. Akamnong'oneza binti: usikosee mpaka nishike sikio langu. Binti akasuka. Muda mrefu ukapita, kiti kimya. Akashika sikio, binti akakosea, kiti kikagonga. Wakarudia mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu vilevile. Kisha Bibi akagonga ilhali sikio halijashikwa. Baba mdogo akasema, "Haya, mmeona sasa?" Binti akainamia ukili, akahesabu kurudi nyuma kwa kidole. Akamwinulia aone. Kosa lilikuwepo, ila halikuwa la makusudi.

Baba mdogo akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake, chini kuliko yeye, kama alivyokaa alipokuwa mtoto. Alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema, "Mama, ile siku tuliyozungumza habari za Muheza, ulikuwa unasikia yote?"

Bibi akagonga kiti mara moja.

Mwaka 1861 karibu na Paris alifariki mgonjwa aliyekaa miaka 21 katika hospitali ya Bicêtre akiwa anaweza kusema silabi moja tu, "tan". Kila ukimuuliza, "tan". Wafanyakazi wakamwita kwa jina hilo. Naye miaka ya mwisho upande wake wa kulia ulipooza. Daktari Paul Broca alipompima kabla ya kifo chake aliona kwamba mtu huyo anaelewa karibu kila anachoambiwa. Alipofariki, Broca akaukuta ubongo wake umeharibika mbele upande wa kushoto, na sehemu hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la daktari. Kupotea kwa maneno si kupotea kwa akili. Jambo hilo limejulikana tangu zama za mfungo wa minyororo, na bado katika nyumba zetu mtu anapangiwa maisha mbele ya macho yake kwa kuwa hawezi kujibu.

Si kila aliyepoteza usemi yuko kama Bibi. Kiharusi kikipiga nyuma kidogo, upande uleule wa kushoto, mtu anaweza kuongea mfululizo na asielewe anachoambiwa. Wengine huelewa sentensi fupi, ndefu zinawapita. Kumjua mgonjwa wako yuko wapi kunataka mtaalamu wa tiba ya usemi, na wataalamu hao nchini ni wachache mno. Lakini kuna mambo ambayo familia inaweza kuyaanza leo: kuuliza maswali ya ndiyo na hapana, kumpa njia ya kujibu kwa mkono mzima au kwa macho, kusubiri bila kummalizia, na kuulizia kitu anachokijua kuliko wewe. Maswali ya tarehe na jina la rais yanamchosha mtu. Bibi aliulizwa hayo na akasema "bado" kwa yote.

Baba mdogo aliuliza la chumba. Ukitaka kubaki kwenye chumba chako, gonga. Bibi aligonga kabla hajamaliza kusema. Habari za mpangaji zikaishia hapo, na gharama wakagawana upya ndugu wote, kwa kelele kidogo kama kawaida.

Yule mtaalamu wa mazoezi alipoelezwa, alifurahi kuliko walivyotarajia. Akawaambia kwamba kutazama nako kunaweza kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 2007 watafiti wa Ulaya waliwaonyesha wagonjwa wachache wa kiharusi video za kazi za kila siku za mikono kwa wiki nne, kila baada ya kutazama wakazifanya wenyewe kadiri walivyoweza. Wakapata nafuu kuliko wenzao waliofanya mazoezi yaleyale lakini wakaonyeshwa michoro isiyo na maana. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018 yalikubali kwamba njia hiyo inasaidia mkono, huku yakitahadharisha kwamba ushahidi wenyewe hauna nguvu sana bado. Haigharimu dawa wala mashine. Inataka mtu mmoja wa kutenda polepole na mwingine wa kutazama, kisha zamu ibadilike.

Zamu ilipobadilika, mkono wa Bibi haukufanya maajabu. Siku nyingi ulikataa kabisa. Binti alisuka hatua tatu polepole, karibu na mapaja ya Bibi ili aone vizuri, kisha akaweka mwanzo wa ukili chini ya kidole gumba cha kulia. Kazi ya kidole hicho ilikuwa moja tu, kukandamiza ukili usiponyoke, na mkono wa kushoto ufanye mengine. Wiki ya kwanza ukili uliponyoka kila mara. Wiki ya tano kidole kilikandamiza kwa muda wa kupitisha chane mbili. Mvulana alikuwa anahesabu kwa sauti, kama mwamuzi wa ngumi.

Vidonge vya presha sasa anameza kila siku, kichwa kiume kisiume. Mvulana ndiye msimamizi, na anapouliza "Bibi, umemeza?" hasubiri jibu, anakwenda kuhesabu vilivyobaki.

Kili zilipotimia, binti alizipanga zote uani, akatafuta sindano na uzi wa ukindu. Jirani alikuwa ameshatuma mtu kuulizia mkeka mara mbili, harusi ilikuwa imebaki wiki moja.

"Bibi, tuanze kushona?"

Bibi akauvuta ukili wa kwanza mapajani. Akaupitisha shubiri kwa shubiri kwa mkono wa kushoto, kidole gumba cha kulia kimelala juu yake, macho hayabanduki. Akamaliza wa kwanza, akaanza wa pili. Karibu na mwisho wa wa pili akasimama, akagonga kiti.

"Bado," akasema.

Binti akavuta beseni, akazitia chane majini, akaanza kufumua.